Jicho la Kisogoni: Mjadala wa Chimala

Lori la viazi linaloteremka kutoka Matamba halina haraka. Linakuja kwa gia ndogo, kona baada ya kona, na watu walishazihesabu kona hizo mpaka idadi yake ikawa jina la mlima: Hamsini na Saba. Chini kabisa, njia hiyo inapoikuta barabara kuu ya Tanzania na Zambia, ndipo ilipo Chimala, wilaya ya Mbarali. Ukisimama stendi, upande mmoja una ukuta wa mlima unaopanda kuelekea Kitulo, upande wa pili bonde la Usangu na mashamba yake ya mpunga.

Mjadala huu nimeuweka hapo, kwenye banda la mama lishe. Wazungumzaji nimewatunga. Kona, majaribio, mechi na sheria watakazozitaja ni za kweli.

Kilichozua maneno ni kifaa alichoingia nacho kijana anayepiga video za harusi. Begi liko mgongoni. Ndani ya begi umesimikwa mti mwembamba wa chuma, na juu ya mti kuna kamera ndogo yenye lenzi mbili, inayokaa kama mita moja nyuma na juu ya kichwa chake. Picha inaingia kwenye simu. Simu anaivaa usoni, ndani ya kasha lenye vioo viwili. Kwa hiyo anatembea akijiona kwa nyuma: kisogo chake, mabega yake, na watu wanaompisha. Swali lililowekwa mezani lilikuwa moja. Mtu akiweza kujiona kwa nje siku nzima, ameongezewa kitu au amepunguziwa?

MPIGA VIDEO: Shikamooni wazee wangu. Nianze na harusi, maana ndiyo kazi inayonilisha. Bibi harusi haoni harusi yake. Anaingia ukumbini, watu wote wamesimama, mashangazi wanaserebuka mbele yake, MC anapaza sauti, na yeye anaona zulia na ncha za viatu vyake. Wiki mbili baadaye nampelekea video, anakaa sebuleni na mumewe, ndipo anaiona. Nimewashuhudia wengi wakilia siku hiyo ambao ukumbini hawakutoa chozi. Sasa najiuliza, kwa nini iwe harusi peke yake? Mtu analima, anafundisha, anapika, anaendesha gari, na maisha yake yote anayachungulia kupitia matundu mawili. Mgongo wake haujui. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi namletea nyani nafasi ya kuona.

MAMA LISHE: Marahaba mwanangu. Akishaona atafanya nini?

MPIGA VIDEO: Atajirekebisha, mama. Na wala sikuanza mimi. Mwaka 2014 kuna vijana wa Poland waliotengeneza begi kama hili, wakapachika kamera mbili juu ili picha iwe na kina, wakaiingiza kwenye miwani ya Oculus Rift. Wakatembea mjini wakijiona kama mchezaji wa gemu anavyomwona mtu wake kwenye skrini. Siku hizi kamera zenyewe zimekuwa rahisi. Hii yangu inaona pande zote kwa wakati mmoja, lenzi hii nusu ya dunia na lenzi ile nusu nyingine, kisha programu inaziunga. Mti wenyewe unaangukia kwenye mshono wa picha mbili, hauonekani kabisa. Unajiona kana kwamba kuna mtu anakufuata hewani.

DEREVA: Mimi sina ugomvi na kijana. Kwenye Hamsini na Saba shida yangu ni mkia. Kichwa cha gari kimeshapita, mbele naona njia safi, kumbe tairi la nyuma linakata kwa ndani na ukingo umebaki kiganja. Saiti mira inanionyesha ubavu wa gari. Hainiambii tairi limekanyaga nini. Kwenye gari ndogo wamelifikiria hilo zamani. Nissan walianza mwaka 2007: kamera nne zinazunguka gari, kompyuta inaziunganisha, na dereva anaona kwenye kioo kidogo gari lake lote kwa juu kama ndege anavyoliona. Kama Nissan ya kupeleka watoto shule inapewa jicho hilo, lori la tani kumi za viazi linanyimwa kwa nini?

Hoja ya dereva ni nzito, nami sitaki ipite upesi. Tunapozungumza juu ya kamera tunakimbilia picha za kujionyesha, na hasira zetu zinaishia huko. Huku mlimani, kutojiona kwa nyuma kuna gharama inayopimwa kwa sentimita. Anayepinga jicho la nje aanze kwa kujibu habari ya tairi la nyuma.

MWALIMU: Mimi nafundisha Kiswahili, lakini nianze na maabara. Mwanasaikolojia George Stratton wa California anajulikana kwa miwani iliyompindulia dunia juu chini. Mwaka 1899 alichapisha jaribio jingine lisilosemwa sana. Alijifunga fremu mwilini, akaweka vioo juu ya kichwa chake, akaziba kila upenyo mwingine, akabaki anajiona mwenyewe kana kwamba anatazamwa toka angani. Alikaa hivyo kwa siku tatu, na nje alitoka kutembea. Mwanzoni mkono na jicho viligombana: anagusa huku, anaona kule. Kadiri saa zilivyokwenda vikapatana, na katika matembezi marefu akaanza kuhisi kwamba yeye hayumo tena ndani ya mwili wake. Huyo hakuwa na betri wala waya.

MPIGA VIDEO: Basi unaniunga mkono, mwalimu. Mwili unazoea.

MWALIMU: Unazoea, na hapo ndipo ninapoogopa. Agosti 2007 jarida la Science lilitoa majaribio mawili katika toleo moja. La kwanza ni la Henrik Ehrsson, alilifanyia London. Unaketi kwenye kiti, nyuma yako kuna kamera mbili, picha zake zinakuja kwenye miwani, kwa hiyo unautazama mgongo wako. Anakugusa kifuani kwa kijiti usichokiona, na papo hapo anasogeza kijiti kingine chini ya kamera, mahali ambapo kifua kingekuwepo kama kamera ingekuwa kichwa. Muda si mrefu unahisi umeketi kule nyuma iliko kamera, na yule aliye mbele yako ni mtu mwingine. Kisha anachukua nyundo na kuishusha pale chini ya kamera, ambapo hakuna kitu. Watu walishtuka. Jasho lao lilipimwa kwenye ngozi. La pili lilifanyika Uswisi, kwa Bigna Lenggenhager, Olaf Blanke na wenzao. Watu waliona mgongo wao mbele yao ukisuguliwa wakati wao wenyewe wanasuguliwa. Wakafumbwa macho, wakarudishwa nyuma, wakaambiwa warudi mahali walipokuwa wamesimama. Walipitiliza. Walielekea kwenye ule mwili wa picha.

DEREVA: Huyo aliyeogopa nyundo ya mahali patupu, mwalimu, kama angekuwa ameshika usukani?

MWALIMU: Ndivyo ninavyouliza na mimi.

DEREVA: Maana gari halitaki uliogopee kwa mbali. Breki ikianza kulegea naisikia kwenye nyayo kabla ya kuiona popote.

Hapo kijana alivua kasha lake akampa dereva. Dereva akalivaa, begi likahamia mgongoni kwake, akajiona kwa nyuma, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba shati limechanika begani. Hatua tano za kwanza alitembea kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alipofika mezani akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai. Mkono wa kwenye picha ulichelewa kidogo nyuma ya mkono wenyewe, na vidole vikafumba hewa kando ya kikombe. Akajaribu tena, akakiangusha. Picha inayochelewa hata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho inatosha kuuchanganya mwili. Tumbo ndilo la kwanza kulalamika. Dereva alikaa, akalivua kasha, akaomba maji.

MPIGA VIDEO: Hilo ni tatizo la simu yangu, wala halihusu wazo lenyewe. Vifaa vinakua. Miaka mitano ijayo picha haitachelewa.

DEREVA: Nakubali. Lakini sikiliza jingine ambalo halitibiwi na kifaa kipya. Tarehe 29 Novemba 2022 nilikuwepo uwanja wa Highland Estate, hapa hapa Mbarali, Ihefu walipoifunga Yanga mbili kwa moja. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Nilikuwa nyuma ya goli, nimebanwa na watu, na kilichotokea nusu nilikisikia tu kwa kelele. Jioni nikaangalia marudio kwenye televisheni, na kesho yake, na wiki ile yote. Leo nikiikumbuka mechi naiona toka juu, toka pembeni, kama kamera ilivyoiona. Harufu ya nyasi na kiwiko cha jirani yangu vimekwenda. Nilikuwepo, lakini kumbukumbu niliyobaki nayo ni ya mtu aliyekaa nyumbani.

MWALIMU: Hilo limechunguzwa. Mwaka 1983 Georgia Nigro na Ulric Neisser waliandika kwamba binadamu tunakumbuka kwa namna mbili. Kuna kumbukumbu unayoitazama kwa macho yaleyale uliyokuwa nayo siku ile, na kuna ile unayojiona ndani yake kama mtu mwingine anavyokuona. Za zamani zinaelekea kuwa za namna ya pili. Na mtu akiambiwa akumbuke jinsi alivyojisikia, anarudi kwenye macho yake mwenyewe. Kwa hiyo uwezo huu wa kujiona kwa nje tunao kichwani tayari, hata bila begi. Kinachonisumbua ni mtu kuanza kuishi saa ya sasa kwa jicho linalofaa kwa yaliyopita.

MAMA LISHE: Naomba na mimi niseme, maana mnagombania mgongo wa mtu mmoja na banda lina watu ishirini. Mwanangu, kamera yako inakuangalia wewe. Sawa. Ila nyuma yako na pembeni yako tupo sisi. Umesema mwenyewe inaona pande zote. Hapa kwangu anakula mama mmoja aliyebanwa na mikopo ya kausha damu. Anakaa kona ile kwa sababu hataki ajulikane anakula wapi saa ngapi. Anakula binti aliyetoroka kuolewa. Anakula mwalimu ambaye mshahara haujatoka na ananiandikisha kwenye daftari. Daftari langu silionyeshi mtu. Wewe umeingia na daftari la picha, umeandika wote, hata hodi hukupiga.

MPIGA VIDEO: Sikuwa na nia mbaya, mama.

MAMA LISHE: Najua huna. Ndiyo maana nakwambia kwa mdomo.

MWALIMU: Na Katiba iko upande wake. Ibara ya 16 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya maisha yake binafsi. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu anayetambulika ni taarifa yake.

MAMA LISHE: Mimi sikusoma sheria, ila ukivuka kizingiti hiki unazima. Na sijamaliza. Msidhani nakichukia kifaa. Mwaka juzi kulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu, nikawa jikoni nyuma ya ukumbi. Walipotuletea video, nikaona mwanamke ameinama kwenye sufuria kubwa, kitenge cha kijani, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Nikasema: mama! Mama yangu nilimzika zamani. Alilima mpunga Usangu maisha yake yote, na kupandikiza ndiko kulikomshusha bega lile. Watoto wakaniambia, mama, huyo ni wewe. Sikuwahi kujua kwamba nimerithi mgongo wake. Hakuna kioo ambacho kingenionyesha. Nililia, lakini lilikuwa chozi zuri. Kwa hiyo mwanangu, hicho kifaa kina neema yake, sitaki kusema uongo.

Kwa muda hakuna aliyeongeza neno. Nami nakiri kwamba habari ya mama lishe ilinirudisha nyuma. Nilikuwa nimekaribia kuamua kwamba jicho la kisogoni ni kitu cha kukataa, na hapa kuna mwanamke aliyempata mama yake ndani ya picha ya mgongo wake. Ila nilitazama tena alivyoisimulia. Hakujitambua. Alimwona “yeye”, mwanamke wa kitenge cha kijani, mpaka watoto wake walipomwambia “ni wewe”. Picha ilileta mgongo, na watoto wakauunganisha na mwenyewe.

MWALIMU: Sasa mmenifikisha kwenye somo langu. Kiswahili kina nafsi tatu. Ninashuka, unashuka, anashuka. Kamera ya kijana inachukua “ninashuka” na kuifanya “anashuka”. Anageuka, anapanda, anainua kikombe, amekiangusha. Mtu wa “a” anasimuliwa. Hapo alipo hawezi kujibu. Darasani kwangu mtoto akikosea hesabu ubaoni, kuna mwenzake atakayenyoosha kidole na kusema, “Mwalimu, amekosea.” Kuna mwingine atamwambia, “Umekosea pale, futa.” Wote wawili wameona kosa lilelile toka nyuma ya mgongo wake. Huyu wa pili ndiye atakayemsaidia. Tumeruka nafsi ya pili, na binadamu ameponea hapo siku zote.

MPIGA VIDEO: Mwalimu, hiyo ni herufi tu.

UTINGO: Siyo herufi.

Kijana aliyesema hivyo alikuwa kimya muda wote, ameegemea nguzo, sahani ya wali imeisha. Ndiye utingo wa lori la dereva wetu.

DEREVA: Sema, dogo.

UTINGO: Gari likifika kona mbaya, mimi naruka. Nakwenda nyuma na gogo langu la kuzuia tairi. Dereva hanioni vizuri, ananisikia. Nasema njoo, njoo, kata, kata yote, njoo, simama! Nasema “njoo” kwa sababu mimi nipo kule gari linakokuja. Ukingo uko nyuma ya visigino vyangu. Nikikosea kuita, linanifikia mimi kwanza. Ndiyo maana mzee ananiamini hata usiku wa ukungu. Hiyo kamera ikisema njoo, yenyewe ipo wapi?

MPIGA VIDEO: Ngoja, kaka. Hapo ndipo unanipa nguvu. Utingo anasinzia. Utingo anaweza kushuka Matamba amekunywa. Kamera hailewi. Na zaidi ya yote, utingo anakufa. Kama kifaa changu kingekutoa wewe ukingoni, nani hapa atasema umepunguziwa?

Hili ndilo jibu kali kuliko yote yaliyotolewa siku ile, na nitakuwa mwongo nikilipamba ili lionekane dogo. Nafsi ya pili ninayoisifu mimi na mwalimu imesimama na visigino kwenye korongo, mara nyingi kwa ujira mdogo. Maneno mazuri kuhusu kuaminiana hayamshiki mtu anapoteleza.

UTINGO: Mimi sijasema kamera isiwekwe. Iwekwe nyuma ya gari, juu, ionyeshe tairi na ukingo. Ila hiyo skrini asipewe mzee. Mzee aangalie barabara. Nipe mimi, nikae pale kushoto kwake, nimwambie njoo nikiwa ndani.

DEREVA: Na ukikosea?

UTINGO: Tunakwenda wote, kama kawaida.

MAMA LISHE: Mungu apishe mbali, mwanangu.

DEREVA: Hiyo nakubali. Macho yangu yabaki yangu. La nje alishike mtu ninayemjua sauti yake.

MPIGA VIDEO: Na harusi?

MWALIMU: Endelea kuwapelekea video baada ya wiki mbili. Wakae waitazame na watu wanaowapenda, waambiwe “huyu ni wewe, hapa ulikuwa unatetemeka.” Siku yenyewe muache bibi harusi atazame zulia. Zulia ni lake.

Mjadala ulikatika hapo kwa sababu lori lilikuwa limekwisha kupakuliwa na dereva alitaka kupanda tena mlima kabla ya giza. Hukumu yangu ninaiandika bila kuizungusha. Jicho la nje ni zuri kwa gari, zuri kwa kumbukumbu, na linafaa kushikwa na mtu mwingine anayekuita kwa “wewe”. Kuligandisha usoni mwako asubuhi hadi jioni ni kujigeuza kuwa habari ya mtu baki, tena kwa kuwaburuza kwenye habari hiyo watu wa bandani ambao hukuwaomba ruhusa.

Kwenu wenye malori yanayopanda Hamsini na Saba: kamera za nyuma zinunueni, nazo zitaokoa tairi na watu. Mkishazinunua, msimwondoe utingo kwenye orodha ya mishahara. Mhamishieni kiti cha kushoto, mkabidhini skrini, na mmlipe kama mtu ambaye uhai wa dereva uko mdomoni mwake.